Uwanja Usioandikwa Hugeuka Viwanja

Kuna ugonjwa umetuingia vijana wa Litapunga, na si Litapunga peke yake, hata Mpanda mjini umejaa tele. Mwulize kijana yeyote kijiweni Simba alimfunga Yanga ngapi mwaka 1977. Atakujibu kabla hujamaliza kuuliza: sita bila, tarehe 19 Julai, Abdallah Kibadeni peke yake matatu. Mguse wa upande wa pili, atakupigia kelele za tano moja ya Novemba 2023 mpaka masikio yazibe. Sasa mwulize swali dogo tu. Uwanja huu unaochezea kila jioni, nani aling'oa visiki vyake? Timu ya kata yako ilianza mwaka gani? Jezi za kwanza nani alinunua? Kimya. Anakutazama kama umemuuliza habari za mwezini.

Mimi simlaumu huyo kijana. Nawalaumu wenzangu tunaojiita waandishi. Tunaandika mashairi ya mapenzi mpaka wino unalia. Tunaandika hadithi za binti wa kijijini aliyeharibiwa na jiji, wakati wengine hilo jiji lenyewe hatujawahi kulala hata siku mbili. Mpira tumewaachia watangazaji wa redio na wabishi wa kibanda umiza. Eti mpira si fasihi! Eti historia ya timu ni orodha ya magoli! Nani kasema?

Hebu tuanze na hao wakubwa wenyewe. Yanga ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1935, enzi za mkoloni, kwa jina la Young Africans. Hebu fikiria: mtu mweusi aliyekuwa akiitwa "boi" na bwana mkubwa, jioni anavua nguo za kazi, anavaa jezi, anajiita Mwafrika, tena Mwafrika kijana. Hiyo nayo si fasihi? Mwaka uliofuata, 1936, wakazaliwa watani. Wameitwa Queens, wakaitwa Eagles, wakaitwa Sunderland kwa jina la klabu ya Uingereza, mpaka mwaka 1971 wakajivua la kuazima na kuwa Simba. Timu moja, majina manne. Ukiyapanga vizuri majina hayo unapata historia nzima ya taifa lililokuwa linajitafuta: kwanza malkia wa mwenzako, mwisho mnyama wa porini kwako.

Lakini ona sasa. Ukiuliza wale waanzilishi wa Simba walitoka wapi, kila upande una hadithi yake. Wa Yanga watakuambia ni watoto wao waliokimbia nyumbani. Wa Simba watakutukana. Timu kubwa kuliko zote nchini, umri unakaribia miaka 90, na bado asili yake ni ubishi wa kahawani! Kama Kariakoo penye magazeti na redio mambo yamekuwa hivyo, Litapunga tutabaki na nini?

Mnaosema historia ya mpira ni ya Dar tu, nawapeleka Tukuyu, mji mdogo wa Rungwe mkoani Mbeya, mji wa chai, ndizi na mvua. Mwaka 1986 Tukuyu Stars walibeba ubingwa wa Tanzania Bara. Wakina Yanga na Simba walikuwepo, na walishika tama. Sekilojo Chambua alipita Tukuyu kabla ya kuwa nyota wa Yanga. Ubingwa ule haukurudi tena Tukuyu. Haya niambie, msomaji: uliwahi kusoma riwaya gani juu ya msimu ule? Tamthilia gani? Hata hadithi fupi? Siku wazee walioushuhudia wakiondoka, kitabaki kistari kimoja kwenye orodha ya mabingwa, basi. Mwaka, jina, nukta.

Sasa nawavusha bahari. Kuna mji Marekani unaitwa Green Bay, jimbo la Wisconsin. Si New York wala Chicago, ni mji wa watu laki moja na kidogo. Una timu ya mpira wa Kimarekani, ule wanaoubeba mikononi na kuvaa helmeti, inaitwa Packers. Mwaka 1919 waliianzisha watu wawili. Mmoja, Curly Lambeau, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kusindika nyama, akamwomba bosi hela za jezi, ndiyo maana timu ikaitwa jina la wapakiaji wa kiwandani. Wa pili, sikieni vizuri, George Calhoun, alikuwa mwandishi wa gazeti la mji! Uwanja haukuwa na uzio, kiingilio hakuna. Calhoun alipitisha kofia kwa watazamaji, kisha akarudi ofisini kuandika habari za mechi.

Mwaka 1923 timu ilipokuwa hoi kwa madeni, mji uliuza hisa, dola tano moja. Mpaka leo Packers haina tajiri mwenye timu. Wenyewe ni mashabiki, zaidi ya nusu milioni, na hakuna anayepata gawio hata senti. Imetwaa ubingwa wa ligi mara 13, zaidi ya timu yoyote kule. Miji midogo mingi iliyokuwa na timu kwenye ligi miaka ile ya mwanzo ilipoteza timu zake. Green Bay ilibaki.

Najua mtasema, "Ah, wale Wamarekani bwana, wana hela." Kofia ni hela? Sisi hapa tunachanga kila siku, tunachangia kombe la mbuzi, tunachangia mpira uliopasuka, tunachangia nauli ya lori kwenda kucheza kata jirani. Kofia tunayo. Tunachokosa ni Calhoun. Tunakosa mtu mmoja wa kukaa pembeni ya uwanja na daftari.

Na msidhani nazungumzia mapambo. Mkoa wetu wa Katavi umemegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, makao makuu Mpanda, na mji unakua. Ardhi iliyokuwa pori sasa ina bei. Siku atakapokuja mtu na karatasi yake yenye muhuri akasema hapa ni kwangu, wewe utatoa nini? Utasema "babu zetu walicheza hapa"? Atakuuliza wapi pameandikwa. Uwanja usioandikwa hugeuka viwanja. Utaamka asubuhi, golini pana msingi wa nyumba, kati pana kisima, na wewe utakwenda kibanda umiza kutazama Arsenal kwa hela yako.

Tena historia yetu si ndogo. Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda ilileta watu wa kila kabila. Makazi ya Katumba yalipokea wakimbizi wa Burundi baada ya 1972, na watoto wao wamekulia huku, wengi wakapewa uraia. Walicheza na nani? Nani aliwapasia mpira kwanza, kabla serikali haijawapa karatasi? Kama lipo jibu la swali hilo, lipo kwenye vichwa vya wazee wachache, na wazee hawasubiri toleo lijalo.

Kwa hiyo ndugu mwandishi chipukizi, acha kuniletea shairi la kumi na moja la ua la waridi ambalo hujawahi kulinusa. Chukua daftari la shilingi mia tano. Nenda kwa mzee aliyekuwa golikipa. Mwulize mwaka, jina, nani alikuwa nahodha, nani aliyeuza kuku ili inunuliwe mipira. Akikosea tarehe, mwulize na mwenzake. Ukishaandika, soma mbele ya timu nzima wakusahihishe. Nakala moja iache ofisi ya kijiji.

Hapo ndipo nitakuita mwandishi. Kabla ya hapo, wewe ni shabiki tu, tena wa timu za watu.