Picha za Wazee Zitoke Kompyutani, Zije Sebuleni



Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi za mwambao wetu siku hizi mna kompyuta iliyobeba picha za miaka mingi: za arusi, za Idi, za safari ya Hija, na zile za karatasi ambazo vijana wamezinakili kwa simu au kwa mashine ya skana. Kazi hiyo ni njema. Lakini ukiuliza ni nani anayezitazama, utaambiwa ni yule kijana mwenye neno la siri la kompyuta. Nyanya, ambaye ndiye awajuaye wote waliomo, hajaziona. Macho yake hayakiwezi kioo kidogo, wala mgongo wake haukiwezi kiti cha mezani.

Hapo ndipo penye hasara. Picha ambayo wenyewe hawajulikani ni sura tu. Yule aliyesimama nyuma ya bwana arusi, amevaa kanzu na koti, ni ami yake au ni jirani? Mwenye jawabu ana miaka 80 na zaidi, na siku atakapoitwa na Mola wake, jawabu litaondoka naye. Dini yetu imetuhimiza tuzijue nasaba zetu ili tupate kuwaunga jamaa zetu. Basi kuzitoa picha kompyutani na kuzileta mahali ambapo mzee ataziona vizuri si mchezo wa vijana. Ni sehemu ya wajibu huo. Wanazuoni wana maneno yao juu ya hukumu ya picha, na maneno hayo yana mahali pake. Leo twazungumza juu ya zile ambazo tayari zimo majumbani mwetu.

Njia iliyo nyepesi ni flashi. Televisheni nyingi za kisasa zina tundu la USB, ubavuni au nyuma. Flashi ya gigabaiti 16 yatosha kabisa, kwani picha moja ikiwa ya megabaiti 5, flashi hiyo itabeba kiasi cha picha 3,000. Ila kuna mambo ya kutengeneza kwanza.

La kwanza, nakili picha, usizihamishe. Asili ibaki palepale ilipo, na flashi ichukue nakala. La pili, tazama aina ya faili. Picha za JPEG hufunguka karibu katika kila televisheni, lakini zile za HEIC, ambazo simu za iPhone zimekuwa zikizipiga tangu mwaka 2017, televisheni nyingi haziwezi kuzifungua. Zigeuze ziwe JPEG ukiwa bado kwenye kompyuta. La tatu, picha iliyolala ubavu iinue na uihifadhi hivyo, mzee asije akapinda shingo. La nne, zipe picha nambari za tarakimu tatu: 001, 002, 003. Ukiandika 1, 2, 3 tu, baadhi ya televisheni zitaitanguliza 10 mbele ya 2, na mpango wako wote utavurugika. Na ikiwa televisheni haiioni flashi kabisa, huenda flashi imefomatiwa kwa mtindo ambao televisheni hiyo haiujui. Ifomati upya kwa FAT32, lakini kabla ya kuweka chochote ndani yake, kwani kufomati hufuta kila kitu.

Njia ya pili ni waya wa HDMI. Huunganishwa upande mmoja na kompyuta, upande wa pili na televisheni, kisha kwa rimoti ukachagua tundu lile ulilochomeka waya. Yote yaliyo kwenye kioo cha kompyuta yataonekana ukutani sebuleni. Kwa shabaha yetu njia hii ndiyo bora, kwa sababu mzee akitaja jina, kijana aliyeketi na kompyuta huliandika papo hapo katika jina la faili: 014, arusi ya fulani, Lamu, kushoto ni fulani bin fulani. Jina lililoandikwa hivyo hufuatana na picha kila itakakonakiliwa.

Njia ya tatu ni ya jamaa walio mbali, huko Muscat, Dubai au London, na ni ya simu. Simu za Android ukiziunganisha na kompyuta kwa waya wa USB, chagua katika kioo cha simu kwamba unataka kuhamisha mafaili, kisha nakili folda yako ndani yake. Simu za iPhone hupokea picha kwa kupitia iTunes, au Finder katika kompyuta za Mac. Ukizituma kwa WhatsApp kama picha za kawaida, hupunguzwa ukubwa na sura za walio nyuma hufifia. Zitume kama hati, zifike kamili.

Sasa ndugu yangu, kabla ya kuwasha televisheni, kumbuka sitara. Picha za arusi za wanawake, walizopigwa wakiwa miongoni mwao na mapambo yao, hazina ruhusa ya kutokea sebuleni mbele ya wasio maharimu. Zitenge katika flashi nyingine kabisa, ikae kwa wenyewe. Usitegemee kuwa umeifuta picha kwenye flashi ndipo ukamwazima mtu, kwani kilichofutwa mara nyingi huweza kurudishwa kwa programu za kawaida. Na ukirusha picha kutoka kwenye simu hadi kwenye televisheni kwa Wi-Fi ambayo mwashirikiana na majirani, hakikisha jina la televisheni uliyoichagua ni la kwenu. Picha ni amana ya aliyepigwa kabla ya kuwa mali ya aliyeishika.

Kikao chenyewe kifanyeni taratibu. Picha 20 kwa jioni moja zatosha. Msimharakishe mzee, wala msimkatize anapotoka katika picha akaingia katika kisa, kwani kisa hicho ndicho mlichokijia. Mkimwomba ruhusa, wekeni simu karibu irekodi sauti yake. Wakikhitalifiana wazee wawili juu ya jina, andikeni kauli zote mbili. Na sura ya marehemu ikitokea ghafla machozi yakamlenga mzee, simamisheni, aombewe dua marehemu, kisha muulizeni kama ataka kuendelea.

Mkimaliza, jina likiwa limeandikwa na sauti imehifadhiwa, fanyeni nakala ya yote katika flashi au diski nyingine, nayo iwekwe katika nyumba ya pili, kwa mjomba au kwa shangazi. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini iliyomo katika kompyuta moja yaweza kuondoka kwa hitilafu moja ya umeme au kwa mwizi mmoja.

Kijana, kama wazee wako wangali hai, usingoje Idi. Chukua waya huo Ijumaa hii baada ya alasiri, umketishe nyanya mahali pake pa kawaida, kisha umuulize: huyu ni nani? Mwenyezi Mungu atuhifadhie waliobaki na awarehemu waliotangulia.

Wabillahi tawfiq.