Anayependa Watoto Naye Afundishwe Kazi

Watu wanaokaa na watoto wetu baada ya kengele ya mwisho ya shule hupewa sifa moja, nayo nimeichoka: "ana moyo". Kocha anayekusanya vijana kila jioni Tandale, Dar es Salaam, ana moyo. Dada anayefungua chumba cha kanisa saa tisa alasiri ili watoto wafanye kazi walizopewa shuleni ana moyo. Kijana anayewafundisha sarakasi na maigizo watoto wa Manzese ana moyo. Sifa hiyo ni ya kweli, na wanaistahili. Ubaya unaanza pale inapogeuzwa kuwa sababu ya kutowapa kitu kingine. Kwa kuwa ana moyo, hahitaji kufundishwa. Kwa kuwa ana moyo, hahitaji mtu wa kumfuatilia, na nauli ya daladala inamtosha.

Wazazi wanaamini hivyo, viongozi wa mitaa wanaamini hivyo, wafadhili pia. Hata wahudumu wenyewe wameimeza imani hiyo. Ukimwuliza mmoja wao kazi hii kaisomea wapi, atakujibu bila kusita kwamba hii haisomewi, huu ni wito. Mimi nasema si kweli, na wanaoumia kwa imani hiyo ni watoto.

Nianze na jambo zito kuliko yote. Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, na ripoti yake ikatoka 2011. Wasichana karibu 3 kati ya 10 na wavulana takriban 1 kati ya 7 walieleza kuwa walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Anayesimama mbele ya watoto arobaini kila jioni hana budi kujua kwamba huenda baadhi yao wamebeba jambo hilo, na kwamba siku moja mmoja atabaki nyuma wenzake wakiondoka, ajifanye anaokota vizibao, kisha aseme: "Kaka, nikikwambia kitu hutamwambia mtu?"

Mwenye moyo peke yake atajibu papo hapo, "Niambie tu, simwambii mtu." Ameshajifunga kwa ahadi asiyoweza kuitimiza. Akisikia yaliyotokea, huruma itageuka hasira na atamimina maswali: nani, lini, ilikuwaje, kwa nini hukupiga kelele? Hilo la mwisho linamziba mtoto mdomo, kwa sababu anasikia analaumiwa. Au atakwenda moja kwa moja kumweleza mama, kumbe mtuhumiwa analala nyumba hiyo hiyo. Usiku huo ndugu watakaa kikao, faini itatajwa, mambo yatamalizwa kifamilia, na mtoto hataonekana tena kituoni. Yote hayo yatafanywa na mtu mwema kabisa.

Aliyefundishwa haahidi siri. Anamwambia mtoto kwa upole kwamba atamsaidia, na kwamba huenda akalazimika kuwaeleza watu wachache wanaoweza kumlinda. Anasikiliza zaidi ya kuuliza. Anamwambia kosa si lake. Wakiachana, anayaandika maneno ya mtoto kama yalivyotamkwa, bila kuyapamba, na tarehe na saa. Anaijua namba 116, simu ya kuwasaidia watoto. Anamjua afisa ustawi wa jamii wa eneo lake kwa jina, na anajua dawati la jinsia na watoto liko kituo kipi cha polisi. Anajua pia kwamba dawa za kumkinga mtoto na maambukizi ya VVU baada ya kubakwa lazima zianze ndani ya saa 72, kwa hiyo habari ya kumsubiri baba arudi safari haipo. Hakuna anayezaliwa akiyajua hayo, na upendo hata uwe mkubwa kiasi gani haumwambii mtu habari ya saa 72.

Hata siku ambazo hakuna msiba, pengo linaonekana. Pita uwanja wowote wa vumbi jioni. Utakuta kocha, mpira mmoja, na watoto thelathini wamepanga mstari wakisubiri zamu ya kupiga shuti. Mtoto anaugusa mpira mara chache mno kwa saa nzima. Wadogo waliochoka kusubiri wanaanza kusukumana, kocha anafoka, pengine anashika fimbo, na jioni anamweleza mzazi kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu. Mwenzake aliyeelekezwa atauchukua mpira ule ule mmoja, aongeze miwili ya makaratasi na kamba, apange chupa za maji ziwe magoli madogo, kisha awagawe wanne kwa wanne, waliobaki wakiwa waamuzi na wahesabu magoli hadi zamu yao ifike. Fujo inapungua kwa sababu hakuna aliyekaa bure. Watoto ni wale wale na umaskini ni ule ule. Kilichoongezeka ni ujuzi.

Najua watakaosema haya ni mambo ya kizungu, na kwamba wazee wetu walilea bila kwenda kozi. Wanaosema hivyo wanawavunjia heshima wazee. Huku pwani mwali hakukabidhiwa kwa mwanamke yeyote mwenye huruma. Alikabidhiwa kwa kungwi, na kungwi alikuwa fundi. Alikuwa amejifunza chini ya waliomtangulia, akazishika nyimbo na mafumbo na maana zake, akajua lipi aambiwe mwali sasa na lipi lisubiri. Juu yake alikuwepo nyakanga wa kumsahihisha. Mtu anaweza kubishana na baadhi ya yaliyofundishwa unyagoni, na mimi ni miongoni mwa wanaobishana nayo, lakini hawezi kusema kazi ile ilifanywa kwa moyo tu. Ilikuwa na ngazi, ilikuwa na usimamizi. Sisi tumeuacha utaratibu, tumebaki na huruma, halafu tunaiita huruma hiyo utamaduni.

Na wanaotumia kujitolea kama hoja wawatazame maskauti, ambao kazi yao karibu yote inabebwa na watu wasiolipwa. Baden-Powell, mwasisi wao, yule aliyezikwa Nyeri mwaka 1941, aliendesha kambi yake ya kwanza ya majaribio mwaka 1907. Kufikia 1919 skauti walikuwa wameshaanza kuwafundisha viongozi wao pale Gilwell Park, kando ya London. Hadi leo kiongozi wa skauti havishwi zile shanga za mbao shingoni mpaka ajifunze na aonyeshe kwa vitendo kwamba anaweza kuongoza vijana. Waasisi wa skauti wenyewe hawakuamini kwamba kujitolea kunatosha.

Ushahidi nao upo. Mwaka 2010 watafiti watatu wa Marekani, Joseph Durlak, Roger Weissberg na Molly Pachan, walikusanya tathmini za programu karibu 70 za baada ya masomo, zilizolenga kuwakuza watoto katika kujitambua na kuishi na wenzao. Programu zilizofundisha stadi hatua kwa hatua, kwa vitendo, zikatenga muda kwa ajili yake na kujua wazi zinafundisha nini, ziliwasaidia watoto kitabia na hata kimasomo. Zilizokosa hayo hazikuonyesha tofauti ya maana. Watoto walikuja, watu wazima walikuwepo, mapenzi sidhani kama yalikosekana, na bado jioni zile hazikuwabadilishia watoto kitu.

India ina mfano ulio karibu zaidi na hali yetu. Katika wilaya ya Jaunpur, jimbo la Uttar Pradesh, shirika la Pratham liliwachukua vijana wa kujitolea, watu wa vijijini wasio walimu, likawafundisha kwa siku chache njia moja rahisi ya kufundisha kusoma, kisha likaendelea kuwatembelea na kuwasaidia. Vijana wakafungua madarasa nje ya saa za shule. Wachumi waliopima matokeo walikuta kwamba watoto waliokuwa hawatambui hata herufi, wakayahudhuria madarasa hayo, walikuwa wanazitambua mwaka ulipokwisha. Hakuna aliyewadai vijana wale shahada. Walipewa njia ya kufundishia, na mtu wa kurudi kuwaona.

Huko kurudi ndiko tunakokukosa. Kwa sababu nikisema mafunzo, najua nitaambiwa mbona yapo. Yapo, na tunayafahamu sote: ukumbi wa hoteli kwa siku mbili, bango lenye nembo za wafadhili ukutani, chai saa nne, mada ya haki za mtoto inayosomwa kwenye slaidi, kazi za vikundi kwenye karatasi kubwa zitakazotupwa jioni, picha ya pamoja, cheti, bahasha ya nauli. Mara nyingi aliyekaa kwenye kiti ni mratibu wa kituo, wakati anayeshinda uwanjani na watoto hakualikwa. Jumatatu kazi inaendelea kama ilivyokuwa Ijumaa. Hakuna anayekuja kuona kama yule kocha bado anapanga watoto mstari mmoja, wala kama anajua la kufanya mtoto akibaki nyuma na vizibao. Ripoti inasema wahudumu wamejengewa uwezo, na mwaka unaofuata mfadhili mwingine anawaita watu wale wale kwa mada ile ile.

Siwalaumu wanaokwenda kwa ajili ya posho. Mtu anayefanya kazi mwaka mzima bila mshahara akipewa elfu kadhaa kwa kukaa kwenye kiti, ataipokea, na ana haki. Lawama ni ya wanaozipanga fedha hizo, wanaojua kabisa kwamba gharama ya ukumbi na chakula cha siku mbili ingetosha kumlipia nauli mhudumu mmoja mzoefu azunguke vituo vya kata nzima kwa miezi.

Tumeshaona hapa hapa Afrika Mashariki kwamba inawezekana. Miaka ya 1980, Mombasa, Bi Swafiya Said pamoja na Wakfu wa Aga Khan walianzisha mpango wa chekechea za madrasa ambao baadaye ulivuka kwenda Zanzibar na Uganda. Walimu wake walikuwa wanawake wa mitaa ile ile, wengi wao bila elimu kubwa ya darasani. Walifundishwa, wakarudi kazini, na wakufunzi wakawafuata huko huko madarasani kuwaangalia na kuwaelekeza. Ni kazi ya watoto wadogo na si ya vijana wa jioni, lakini sioni sababu ya kocha wa Tandale kustahili pungufu ya hapo.

Serikali ya Tanzania nayo inalijua hili inapowashughulikia walimu wa shule. MEWAKA, mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, unawataka walimu wakutane shuleni kwao katika jumuiya za kujifunza, wajadili somo lililowashinda, wasaidiane. Unatekelezwa vizuri au vibaya kutegemea shule, lakini wazo lenyewe limekubalika kwamba mwalimu aliyehitimu chuo bado anaendelea kujifunza. Kengele ikilia saa nane au saa tisa, mtoto yule yule anavuka barabara na kukabidhiwa kwa mtu ambaye hajawahi kupita chuo chochote, na hapo tunaona mafunzo si ya lazima. Ilipaswa kuwa kinyume chake.

Hoja inayobaki ni ile ya mwenye kituo: nikimfundisha, ataondoka. Wengine wataondoka, ndiyo. Lakini watu hawakimbii kwa sababu wamefundishwa, wanakimbia kwa sababu hawaoni mbele. MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare jijini Nairobi kilichoanza 1987, kiliwapa vijana wake wenyewe ukocha na uongozi, na kujitolea kwao kukahesabiwa kwa pointi zinazowasaidia kupata karo. Hapo kijana anaona leo yake inakwenda wapi. Kwetu halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na asilimia 4 kati ya hizo ni za vijana. Ikiwa tunaweza kumkopesha kijana anunue bodaboda, hatushindwi kumtafutia nauli ya kikao kimoja kwa mwezi, afisa ustawi wa jamii akiwepo, makocha na walezi wa vituo wa kata nzima wakikutana kuzungumzia watoto wanaowashinda.

Mfadhili akiletewa bajeti ya ukumbi, adai kwanza ratiba: nani atakwenda uwanja upi, siku gani, kumtazama nani akifanya kazi, na atarudi lini. Na mzazi anayemruhusu mtoto kwenda kituoni jioni aulize ni nani aliyemwona mhudumu huyu akifanya kazi mara ya mwisho, na atakwenda kwa nani mtoto akimweleza jambo zito. Asimwulize kocha peke yake. Aende na maswali hayo kwa mwenye kituo na kwa mwenyekiti wa mtaa, maana kocha hakujinyima mafunzo mwenyewe.