Kabla ya Kumkata Dereva Fedha, Tazameni Moshi



Sisi watu kumi na sita wa kiwanda kimoja kilichoko Namanve tulichanga fedha tukanunua gari la kuturudisha nyumbani baada ya kazi. Tumegawanyika katika zamu mbili, na wengi wetu tunakaa Bukoto, Kisaasi na Kyebando. Kila mtu wa zamu anaijua taabu ya kusubiri taksi saa 3 usiku, mvua inanyesha na wenye boda boda wamekwisha pandisha bei. Tulinunua Super Custom, ile Toyota ya miaka ya 1990, injini ya dizeli ya lita 3 yenye tabo. Tulijua ni gari zee. Gari jipya si la watu wa mishahara yetu. Kima cha chini kilichowekwa nchini mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, na Bunge lilipopitisha muswada wa kukibadilisha mwaka 2019, Rais hakuutia sahihi. Basi mtu wa hali yetu ananunua kuukuu na kuomba Mungu.

Baada ya miezi minne gari likaanza kulala. Nasema kulala kwa sababu ndivyo lilivyofanya hasa. Asubuhi likiwa tupu linakwenda kama kijana. Jioni limejaa watu, likifika mwinuko wa Kireka nguvu zinakwisha ghafula, dereva anakanyaga mafuta mpaka chini na gari linajikokota kwa gia ya pili huku malori yanatupigia honi. Akilisimamisha kando na kulizima kwa dakika kumi, akiwasha tena nguvu zimerudi. Siku mbili tatu linakwenda vizuri, kisha linarudia yale yale.

Hapo kila mmoja wetu akawa fundi.

Gereji ya kwanza walisema tabo imekufa. Tukachanga, ikanunuliwa nyingine iliyotumika, ikafungwa. Siku ya nne gari likalala Kireka palepale. Gereji ya pili walisema pampu ya dizeli. Tukachanga tena, pampu ikafunguliwa, ikapimwa, ikarudishwa. Gari likalala. Shilingi milioni mbili na zaidi zilikuwa zimekwenda, na watu waliochanga mara tatu hutafuta mtu wa kumlaumu. Maneno yakaanza kwamba dereva anauza dizeli yetu na kujazia mafuta ya taa. Kamati ikakaa kwa nusu saa tu. Ikaamua akatwe shilingi 20,000 kila wiki kutoka posho yake mpaka hasara ipungue. Dereva alisema maneno machache: "Ndugu zangu, gari lina maradhi, mimi si mwizi." Alikatwa wiki sita, akarudisha ufunguo, akaacha.

Mimi ndiye mwandishi wa kamati ile. Mkono ulioandika uamuzi huo ndio unaoandika haya.

Aliyetufumbua macho ni fundi mmoja mzee wa Bukoto, anayefanya kazi chini ya mwembe kando ya njia ya kwenda Kisaasi. Hakufungua kiti wala kugusa spana. Alituuliza: "Likilala, moshi wake una rangi gani?" Wanakamati watatu tulitazamana. Miezi mitatu tumelipia tabo na pampu, na hakuna aliyejua rangi ya moshi. Ikabidi nimpigie simu dereva tuliyemkata fedha. Akajibu bila kufikiri: "Mweusi, mzee. Mweusi kama wa kuchoma tairi. Na siku za baridi halilali sana." Mzee akasema, kijana huyo ndiye fundi wenu, mlimwacha wapi?

Sasa naomba mnisikilize vizuri, maana hapa pana faida kwa kila mwenye gari la namna hii. Tabo ni feni inayozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nayo inavuta hewa na kuishindilia ndani ili mafuta mengi zaidi yaungue. Mswisi Alfred Büchi ndiye aliyeandikisha wazo hilo mwaka 1905. Huzunguka mara zaidi ya 100,000 kwa dakika. Hapa Kampala tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo injini ya tabo inatufaa sana mlimani, na tabo isipopata hewa tunaona tofauti upesi.

Dizeli ikiwa nyingi na hewa kidogo, moshi ni mweusi. Gari likikosa nguvu bila kutoa moshi mweusi, yaelekea dizeli yenyewe haifiki: filta imeziba au ina maji, au kuna uchafu ndani ya tangi unaovutwa mpaka kwenye mdomo wa bomba na kuuziba. Ukizima gari, uchafu huo unaanguka chini na nguvu zinarudi. Ndiyo maana kupumzika peke yake hakutuambii kitu. Maradhi mawili tofauti yanapona kwa dawa hiyo hiyo. Hata kifuniko cha tangi chaweza kuwa na lawama. Tundu lake la hewa likiziba, tangi linajivuta lenyewe. Ukifungua utasikia linavuta pumzi, na gari litakwenda. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na hapo ndipo tabo inaweza kushtakiwa kwa haki.

Tena fikirini hili. Tabo iliyokufa haifufuki kwa kupumzika dakika kumi. Mhimili wake ukilika, umelika asubuhi na jioni. Injini ikiwa baridi na imezimwa, ingiza kidole uutikise. Ukicheza mpaka mapanga yanagusa ukuta, hapo kuna kesi. Ya kwetu ya zamani haikutikiswa na mtu. Ilitolewa tu, ikabaki gerejini, na wala hatukuuliza ilikokwenda.

Ubovu unaokuja na kuondoka ni wa kitu kinachofunguka na kufunga, kinachopata joto na kupoa, au kinachotikisika. Yaani mipira, vibano, waya, mlango mdogo unaokwama. Mzee aliufungua mpira mnene unaotoka kwenye filta ya hewa kwenda kwenye tabo. Nje ulikuwa mzima kabisa, tungeweza kuuza. Akamulika ndani kwa tochi. Ngozi ya ndani ilikuwa imelainishwa na mvuke wa oili kwa miaka, imebanduka, imebaki inaning'inia kama ulimi. Gari likiwa tupu tabo haivuti sana, ulimi unalala pembeni. Likijaa watu na mlima uko mbele, tabo inavuta kwa nguvu zote, ulimi unasimama na kuziba njia, mpira wenyewe ukiwa wa moto unajikunja. Zima injini, kila kitu kinarudi mahali pake. Mpira mwingine ulitugharimu shilingi 70,000.

Mzee aliendelea kutuonyesha, na mimi niliandika. Mipira iliyo baada ya tabo, ile inayopeleka hewa kwenye injini, inapasuka kwa namna nyingine: ufa unafunguka presha ikipanda na kufunga ikishuka. Sikiliza kama kuna mlio wa kupuliza wakati wa kupanda, na tafuta unyevu wa oili kwenye maungio. Mpira mwembamba wa kuendesha kilango cha tabo unaweza kukatika na usionekane. Kwa magari ya petroli yenye tabo, kama zile Subaru zinazojaa mjini, plagi na koili huanza kushindwa pale tabo inaposhindilia hewa, na gari linakatakata badala ya kulala. Kuna Legacy za miaka ya 1990 zenye tabo mbili ambazo hupungukiwa nguvu kidogo tabo ya kwanza inapoipokeza ya pili. Hiyo ni tabia yake ya kuzaliwa, na wapo watu walioitibu kwa fedha nyingi.

Na taa ya injini ikiwaka, isomwe kabla ya kununua chochote. Vile vifaa vya siku hizi vya kuchomeka mara nyingi haviongei na Toyota za zamani kutoka Japani, lakini kuna kisanduku chenye vishimo vilivyoandikwa TE1 na E1. Fundi anayejua huunganisha hivyo viwili kwa waya, taa inawaka na kuzima, naye anahesabu. Kazi ya dakika tano.

Sisemi mafundi wote ni wezi. Fundi wa kando ya njia ni mfanyakazi kama sisi, hana mwajiri wala pensheni, na sisi wateja ndio tunaomharibu. Tunamlipa akibadilisha kitu. Akitazama saa nzima na kusema "bado sijui", tunaondoka bila kumpa hata ya chai. Basi naye anajifunza kusema "tabo". Mzee wa Bukoto tulimlipa kwanza kwa kutazama, kwa sababu yeye mwenyewe alidai hivyo, na wenzangu walinung'unika.

Lakini jambo linaloniuma zaidi liko kwetu. Kila mwaka chama chetu kinapigania madereva wa malori ya miwa na chai wanaoshtakiwa kwa uzembe gari likichelewa. Tunasimama mbele ya mwajiri na kusema: pima mashine kwanza, msikilize mtu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa au kwa kazi mbovu, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na amsikilize yeye na mtu mwingine atakayemchagua. Tunaijua kwa moyo. Siku tuliyokuwa na gari letu wenyewe, sisi tuliokuwa tukiitwa wezi wa dizeli na mameneja, tulimwita mwenzetu mwizi wa dizeli katika nusu saa, bila shahidi na bila kutazama moshi. Hakuna bepari aliyetufundisha siku ile.

Kwa hiyo natoa rai kwa matawi yote yenye magari, yawe ya chama, ya ushirika au ya mwajiri. Kila gari liwe na daftari, na dereva aandike: saa, mahali, watu au mzigo uliokuwamo, joto la injini, dizeli iliyobaki, mvua au jua, na rangi ya moshi. Daftari ni bei ya soda. Dereva akiwa na kurasa tatu za namna hiyo, fundi hatabahatisha, na kamati au meneja atakayetaka kumkata fedha itabidi ajibu kilichoandikwa.

Kuna watakaosema magari haya yanakwisha, kwani sheria ya mwaka 2018 imezuia kuingiza nchini magari yaliyofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa. Ni kweli hayaingii tena. Yaliyomo yamo, yanapanda Kireka kila jioni, na sisi tumo ndani yake.

Mkutano wetu ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nimekwisha andika hoja kwamba dereva wetu arudishiwe shilingi 120,000 zake zote, na kwamba muhtasari wa kikao kile usomwe kwa sauti naye akiwepo, kisha ufutwe. Wawili katika kamati wameniambia watapinga, kwa kuwa mfuko hauna kitu. Mimi nitaanza na posho yangu ya uandishi. Ufunguo wa gari uko kwangu, sijampa mtu mwingine.