Barua ya Wazi kwa Taasisi ya Elimu Tanzania: Stadi za Maisha Zipewe Kipindi na Alama

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Taasisi ya Elimu Tanzania,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kutoka Kinampanda, wilayani Iramba, mahali ambapo wamisionari wa Kilutheri wa Augustana kutoka Marekani walifundisha walimu kabla ya Uhuru, na ambapo leo kipo Chuo cha Ualimu cha Serikali. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nakuandikia kwa sababu taasisi yako ndiyo inayoandika mitaala, na mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umefika shuleni wakati ule ule ambao akili mnemba imefika kwenye simu za watoto wetu.

Sina ugomvi na teknolojia hiyo. Mtoto wa Iramba ana haki ya kuijua sawasawa na mtoto wa Masaki, Dar es Salaam. Hofu yangu ni kwamba tutamfundisha kuiuliza mashine, tusimfundishe la kufanya na jibu.

Tulishapita njia hiyo. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, alitaka wanafunzi washiriki kupanga na kuamua mambo ya shamba la shule: walime nini, mapato wayatumieje. Shule nyingi zikachukua jembe na kuuacha uamuzi. Mtoto alilima, mwalimu akaamua, na mahali pengine shamba likageuka adhabu ya wachelewaji. Safari hii jembe ni kompyuta, na kosa lile lile linatunyemelea.

Chukua mkulima wa vitunguu katika mkoa wetu wa Singida. Akili mnemba inaweza kumweleza kijana wake kuhusu mbegu, mbolea na magonjwa. Lakini siku mnunuzi anapofika shambani na kudai gunia la lumbesa, lililovimba juu hadi kufungwa kwa kamba, kijana huyo anahitaji vitu vingine. Anahitaji kujua kwamba sheria ya vipimo iko upande wake, kupiga hesabu ya anachopoteza, kusema hapana bila kutukana, na kuwashawishi majirani wakatae pamoja naye, maana akikataa peke yake mnunuzi atahamia shamba la pili. Hayo ni maarifa, tena magumu kuliko mengi tunayoyatungia mitihani.

Au chukua ujumbe wa kitapeli ambao kila Mtanzania mwenye simu ameshaupata: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Wengi wameshajua kuuripoti kwa kuutuma kwenda 15040 na kuendelea na shughuli zao. Sasa mashine zinaweza kuiga hata sauti ya mtu. Bibi akipigiwa na sauti ya mjukuu wake inayolia kwamba yuko hospitali, kitakachomwokoa ni mazoea ya kutulia, kuuliza swali ambalo mjukuu pekee analijua, na kumpigia mtu mwingine kabla ya kutuma. Mazoea hayo hufundishwa, na mahali pake ni darasani.

Shirika la Afya Duniani lilishaziorodhesha stadi hizi za maisha miaka ya 1990: kufanya uamuzi, fikra tunduizi, mawasiliano, kujitambua, kuhimili hisia na nyinginezo. Sisi wenyewe tangu 2005 tunasema mtaala wetu wa sekondari ni wa umahiri. Maneno tunayo. Tunachokosa ni kipindi kwenye ratiba na alama kwenye upimaji, na kila mwalimu anajua kwamba kisichopimwa hakifundishwi. Kila mtu yuko mbioni kumaliza mada.

Hiki ndicho ninachokiomba. Baada ya Sensa ya 2022 walimu walipewa vishikwambi. Kimoja kinatosha darasa. Mwalimu aulize akili mnemba, mbele ya wanafunzi wote, alizeti ipandwe lini hapa Kinampanda. Jibu lisomwe kwa sauti na kuandikwa ubaoni. Kisha wanafunzi, kwa vikundi, waende kwa afisa ugani na kwa wazee wanaolima, warudi na tofauti walizozikuta, wasimame wazitetee. Mashine hizi zimefunzwa zaidi kwa maandishi ya Kiingereza, kwa hiyo tofauti hazitakosekana. Anayepinga ajifunze kupinga hoja na kumheshimu mwenye hoja. Anayegundua kuwa amekosea ajifunze kubadili msimamo hadharani. Mwisho mwalimu aulize kila mmoja swali moja la ana kwa ana, na alama hizo ziingie kwenye upimaji endelevu.

Nitaambiwa madarasa yamejaa. Ni kweli, na nimefundisha kwenye madarasa hayo. Lakini kazi ya nyumbani inayoandikwa na mashine na kusahihishwa na mwalimu aliyechoka haimsaidii mtu yeyote, hata darasa likiwa na watoto ishirini. Afadhali maswali machache ya mdomo kwa muhula kuliko rundo la madaftari yasiyo na mwenyewe.

Mambo haya hayawezi kuanzia shule ya msingi kama mwalimu mwenyewe hakuyapitia. Yaanzie vyuoni. UNESCO ilipotoa mwongozo wake wa umahiri wa akili mnemba kwa walimu, Septemba 2024, ilitanguliza mtazamo unaomweka binadamu mbele. Basi mwalimu tarajali atetee andalio lake la somo kwa mdomo kabla ya kwenda mazoezini, aeleze ni wapi alisaidiwa na mashine na kwa nini alilikubali au kulikataa jibu lake. Asiyeweza kueleza arudie.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, naomba Taasisi iandike kipindi hiki na mizani yake ya alama, ikikijaribu kwanza katika vyuo vichache vya ualimu vya Serikali, Kinampanda kikiwa kimojawapo. Walimu wastaafu tunaoishi karibu na vyuo hivyo tuko tayari kuketi kwenye meza za kusikiliza na kuuliza maswali. Tuiteni.

Mwalimu mstaafu,
Kinampanda, Iramba, Singida.