Bingwa wa matatu apimwe kwa daftari

Kwenye steji za bodaboda mjini Kasese, kwenye vibaraza vya maduka ya Bwera na pembeni mwa malori yanayosubiri kuvuka mpaka wa Mpondwe, matatu ndiyo karata inayochezwa. Msomaji wa Nairobi asidhani nazungumzia basi. Uganda nzima inaujua mchezo huu. Kila steji ina bingwa wake, na ukiuliza ubingwa wake umetoka wapi utaambiwa alimfunga fulani mbele ya mashahidi, tena mara tatu mfululizo. Sifa hiyo husafiri kwa mdomo, na kwa kawaida hunenepa njiani. Hoja yangu ni kwamba uwezo wa mchezaji wa karata unaweza kuandikwa kwa alama na unafaa kuandikwa hivyo, lakini alama hizo zisichukuliwe nzimanzima kutoka chesi. Karata ina bahati ambayo chesi haina, na mji wa mpakani una mambo yake yanayoweza kuipotosha hesabu hata pale hesabu yenyewe ilipo sahihi.

Tuanze na hiyo chesi, maana karibu kila mfumo wa kupanga wachezaji leo umetoka huko. Arpad Elo, mwalimu wa fizikia wa Marekani aliyezaliwa Hungaria, alitengeneza hesabu iliyopokewa na shirikisho la chesi la Marekani mwaka 1960, na shirikisho la dunia, FIDE, likaifuata mwaka 1970. Wazo lake ni jepesi. Kila mchezaji ana namba, na tofauti ya namba mbili hutabiri matokeo. Anayemzidi mwenzake kwa alama 200 anatarajiwa kuvuna pointi kama 76 katika kila 100 wanazogombania. Akimzidi kwa 400, kama 91. Ukishinda uliyetarajiwa kumshinda unapata kidogo, na ukimwangusha aliyekuzidi unapata nyingi, zikitoka kwake. Uzuri wa mfumo huo ni kwamba haujali jina lako, kabila lako wala anayekufadhili. Phiona Mutesi alipotoka Katwe (ile ya Kampala, si ile ya ziwa la chumvi hapa kwetu wilayani Kasese) na kufika kwenye Olimpiadi za chesi, alipimwa kwa namba ileile inayowapima watoto wa matajiri wa Ulaya.

Sasa weka matatu mahali pa chesi. Kila mchezaji hugawiwa karata 7 asizozichagua. Mbili humlazimisha mwenzako aokote, nane na J humruka, na ree hukupa haki ya kudai rangi unayoitaka. Saba ya rangi iliyofunuliwa mwanzoni hukata mchezo papo hapo, wachezaji wakahesabu karata walizobaki nazo, na mwenye hesabu ndogo akashinda. Kuna akili nyingi humo: kukumbuka zilizopita, kujua wakati wa kukata, kuificha ree hadi dakika ya mwisho. Lakini aliyegawiwa vizuri anaweza kumaliza kabla akili ya mwenzake haijapata nafasi ya kufanya kazi. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba mchezaji hodari kweli huwashinda wenzake wa kawaida mara 55 katika 100. Kwa hesabu ya Elo, umahiri huo wote ni tofauti ya alama 35 tu. Ukitumia kasi ya mabadiliko ambayo FIDE huitumia kwa wachezaji wengi, yaani 20, mchezaji dhaifu akishinda mara moja pengo linashuka hadi alama 13, na akishinda tena anakuwa juu ya bingwa. Na huyo dhaifu hushinda mara mbili mfululizo mara moja katika kila tano. Orodha ya namna hiyo ingepinduka mara kadhaa kabla chai haijapoa, na watu wangekuwa na haki ya kuicheka.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kusema karata ni bahati tu, basi. Hawajaitazama hesabu hadi mwisho wake. Bahati haifuti umahiri, huuchelewesha kuonekana. Yule wa 55 kwa 100, ukimpima kwa michezo 100, bado huwezi kumtofautisha vizuri na mtu wa kawaida aliyepata wiki nzuri. Ukimpima kwa michezo 400, tofauti inaanza kusimama yenyewe. Ukimweka katika pambano la michezo 21 dhidi ya mtu wa kawaida, atashinda pambano hilo kama mara 68 katika 100. Ukiongeza hadi michezo 101, kama mara 84. Mnunuzi wa kahawa hahukumu gunia kwa punje moja, na hakuna anayemwona mjinga kwa kuchota konzi nzima. Scrabble nayo ina herufi zinazochotwa mfukoni bila kuonekana, lakini ina orodha za viwango zinazoheshimiwa duniani, na mwaka 2015 huko Perth, Australia, Wellington Jighere wa Nigeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia. Sijasikia mtu akisema alibahatisha herufi mashindano mazima.

Kwa hiyo mfumo wa matatu uhesabu kikao kizima badala ya mchezo mmoja mmoja, na alama zisogee polepole. La muhimu zaidi, kila namba iandikwe pamoja na kiasi cha shaka iliyomo. Wazo hili si geni. Mark Glickman, mtakwimu wa Marekani, alilijenga miaka ya 1990 katika mfumo wake wa Glicko, ambamo mchezaji asiyeonekana kwa muda mrefu habadilishiwi alama. Kinachopanuka ni shaka juu yake. Microsoft walipotengeneza TrueSkill kwa ajili ya michezo ya Xbox walikwenda mbali zaidi. Kila mgeni huanza na uwezo wa kukadiriwa wa 25 na shaka ya karibu 8.3, na namba anayoonyeshwa ni makadirio yake baada ya kutoa shaka mara tatu, yaani sifuri. Huo ndio uungwana ninaoupenda: hatukuiti mbovu, tunasema hatujakujua bado. Tena mfumo huo unakubali zaidi ya wachezaji wawili, jambo ambalo Elo hakulikusudia, na meza za matatu wakati mwingine huwa na watu wanne. Wacheza briji nao wana dawa yao ya bahati, kwa kuwa mikono ileile ya karata huhamishwa kutoka meza hadi meza na kila mmoja hupimwa dhidi ya wengine waliopewa karata zilezile. Matatu haiwezi kuiga hilo kikamilifu kwa sababu ya rundo la kuokota, ila kwa fainali hakuna kinachozuia pakiti mbili kupangwa sawasawa na wachezaji wakabadilishana viti.

Hesabu ikishakuwa sawa inabaki jiografia, na hapa Bwera ina tatizo ambalo Kampala haina. Alama za mfumo wowote wa aina hii zina maana ndani ya kundi la watu wanaokutana tu. Kama wachezaji wa Kasese mjini hawachezi na wa Bwera, basi 1600 ya huku na 1600 ya kule ni namba mbili zisizojuana, hata zikiandikwa kwa kalamu moja. Marekani walilijua hilo kwa aibu. Claude Bloodgood, mfungwa katika jimbo la Virginia, alicheza chesi miaka mingi na wafungwa wenzake, na ilipofika mwaka 1996 alama zake zilikuwa zimefika 2702, akawa wa pili nchini katika orodha. Mwenyewe alikana kwamba alifanya hila, na sioni haja ya kumhukumu, kwani kundi lililofungwa linatosha kuzaa namba kama hiyo. Bwera ina ugonjwa wa upande wa pili, maana kundi lake liko wazi kupita kiasi. Siku za soko watu wanavuka kutoka Kasindi, upande wa Congo, madereva wa malori wanacheza jioni mbili wakisubiri karatasi za forodha, halafu wanaondoka. Dereva aliyepewa alama za kuanzia kama mwenyeji, akashinda mara tano na kwenda zake Butembo, ameondoka na alama za watu wa Bwera mfukoni. Akipoteza amewaachia alama ambazo hakuna aliyezitolea jasho. FIDE yenyewe ilijikuta alama za madaraja ya chini zimezama, hata Machi 2024 ikalazimika kupandisha wote waliokuwa chini ya 2000 na kuhamisha sakafu ya alama kutoka 1000 hadi 1400. Dawa ya Bwera ni mgeni kuingizwa na shaka kubwa, ili matokeo yake yamsogeze yeye sana na mwenyeji kidogo, na wachezaji wa miji miwili wapande barabara ya kupitia Kikorongo mara kwa mara wakakutane. Bila safari hizo tutakuwa na orodha mbili zinazojifanya moja.

Kuna pingamizi zito kuliko la bahati, nalo ni kwamba namba huharibu mchezo. Ushahidi upo. Mchezo wa karata wa Magic: The Gathering ulitumia mfumo wa Elo kwa miaka mingi, na wachezaji waliofika juu wakaanza kukaa nje ya mashindano wasije wakapoteza alama za kuwapeleka kwenye mashindano makubwa. Mwaka 2011 wenye mchezo wakaufuta na kuleta pointi zilizothamini mahudhurio, na malalamiko yakahamia upande wa pili: mwenye nauli na muda wa kucheza kila wikendi alimpita mwenye uwezo. Briji ina pointi za ubingwa ambazo hazishuki kamwe, kwa hiyo mzee aliyecheza miaka 40 anaweza kumzidi kijana anayemfunga kila wanapokutana. Nikilazimishwa kuchagua kati ya kasoro hizi, nachagua ile ya Elo, kwa sababu ina dawa. Orodha ikipangwa kwa alama baada ya kutoa shaka, anayejificha anateremka mwenyewe. Shaka inakua kila mwezi asiocheza. Pointi za mahudhurio hazina dawa, maana zinapima mfuko. Katika wilaya ambayo nauli ya Kasese hadi Bwera ni uamuzi wa nyumbani, kupima mfuko ni dhuluma.

Pingamizi la kamari siwezi kulipuuza. Sheria ya Uganda ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha ya mwaka 2016 iliweka umri wa chini wa miaka 25, na kwa miaka mingi kanuni za adhabu zimewataja wanaocheza michezo ya bahati kwa fedha hadharani. Mzazi anayeona alama za matatu zimebandikwa ukutani ana haki ya kuuliza kama huo si mwaliko wa kubeti. Jibu langu ni kwamba kamari ya vibarazani inalelewa na giza. Mtu huweka pesa kwa sababu kila mmoja anajiona hodari, na tapeli huishi kwa kujifanya mjinga kwenye meza ya wageni. Orodha ya wazi humnyima tapeli maficho. Hata hivyo nakubali sharti moja bila ubishi, kwamba kikao chochote chenye pesa mezani kisiingie kwenye hesabu. Pesa hubadilisha uchezaji, na hufungua mlango wa kuuza mchezo.

Kuna pia uchafu mdogo wa kawaida ambao hakuna kanuni ya hesabu itakayouondoa. Kwenye meza ya watu wanne, marafiki wawili wanaweza kumlisha mmoja wao karata nzuri na kumbana wa tatu. Dawa ni vikao vya alama kuwa vya wawili wawili, na meza za wanne kubaki za burudani. Anayevuka kutoka Congo akija na kanuni za kwao, ubishi utaanza kabla ya karata kugawiwa, hivyo kanuni ziandikwe kwenye ukurasa wa kwanza na zisomwe kwa sauti. Wapo watakaosema kazi hii iachiwe simu, kwa kuwa matatu imeshaingia huko na kampuni ya Kola Studios ya Kampala ni miongoni mwa walioitengeneza. Simu inahesabu vizuri, lakini haimwoni anayecheza kwa akaunti ya kaka yake. Kwa wachezaji 30 au 40 daftari linatosha: tarehe, majina mawili, michezo mingapi kwa mingapi, na sahihi za wote wawili. Hesabu yenyewe mwanafunzi yeyote wa sekondari anaweza kuifanya kila mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo wanaoandaa mashindano ya karata Kasese na Bwera, kabla hamjamtafuta mfadhili wa kombe, nunueni daftari, kubalianeni kanuni, na andikeni matokeo ya mwaka mzima. Mwaka ukiisha mtakuwa na orodha yenye michezo ya kutosha, na hapo ndipo mumwalike huyo anayejiita bingwa wa mpakani aje athibitishe.