Ndege ya Kujiundia, Bima na Rubani Wake

Tarehe 12 Oktoba 1997, mwimbaji wa Marekani John Denver alianguka na ndege yake katika Ghuba ya Monterey, pwani ya California, akafa. Ndege hiyo ilikuwa Long-EZ, chombo chepesi cha viti viwili kilichobuniwa na Burt Rutan, chenye injini nyuma na bawa dogo mbele. Haikutoka kiwandani. Mtu mmoja aliiunda kwa mikono yake akifuata michoro, na Denver aliinunua ikiwa imekwisha kutumika. Alikabidhiwa siku moja tu kabla ya ajali, akazoeshwa kwa muda wa nusu saa hivi.

Denver hakuwa mgeni angani. Alikuwa na zaidi ya saa 2,700 za kurusha ndege, na baba yake alikuwa rubani wa jeshi la anga. Kilichomponza kilikuwa kidogo sana: mkono wa kuchagulia tangi la mafuta. Katika michoro ya Rutan mkono huo uko mbele, rubani anauona na kuufikia. Muundaji wa ndege hii hakutaka mabomba ya mafuta yapite anapoketi rubani, basi akauhamishia nyuma ya bega la kushoto, na wala hakuutia alama. Ili kuufikia, rubani alilazimika kuachia usukani na kujipinda. Wachunguzi walipojaribu wenyewe waliona kwamba mtu anayejipinda hivyo hukanyaga pedali ya kulia bila kukusudia, na ndege ikapinda naye. Denver aliondoka bila kuongeza mafuta, ingawa aliulizwa kama anayataka. Katika orodha ya sababu, bodi ya uchunguzi wa ajali ya Marekani, NTSB, ilitaja mkono ule usio na alama, mafuta yale, na pia upungufu wa mafunzo ya kuhamia ndege asiyoizoea.

Mwenye ndege ya kujiundia na aisome sababu hiyo ya mwisho mara mbili, maana ndiyo aliyo na uwezo wa kuiondoa yeye mwenyewe kabla hajawasha injini.

Sheria ya Marekani inaikagua ndege zaidi kuliko inavyomkagua rubani. Aliyeiunda hana budi kuthibitisha kwamba zaidi ya nusu ya kazi imefanywa na watu wanaojifunza au kujiburudisha, si na kiwanda. Mkaguzi huja kuiangalia, kisha ndege hupewa muda wa majaribio, kwa kawaida saa 25 au 40 kulingana na injini na propela yake, katika eneo lililotengwa na bila abiria. Rubani je? Leseni ya ndege ya injini moja inayotua nchi kavu inamfungulia karibu zote za kundi hilo. Cheti cha aina moja mahususi ya ndege hudaiwa zaidi kwa ndege za jeti na zile zinazozidi kilo 5,670. Kwa hiyo mtu aliyezoea Cessna 172, ndege pole yenye kusamehe makosa, anaweza kununua Long-EZ leo na kesho akapaa nayo, na sheria isimhoji.

Anayemhoji ni mtu wa bima. Fomu yake inataka kujua: una saa ngapi kwa jumla? Ngapi katika aina hii hii? Umewahi kutua na ndege yenye gurudumu la mkia? Mwalimu wako nani? Mara nyingi sharti hufuata: saa kadhaa pamoja na mwalimu anayeijua aina hiyo, kisha saa nyingine peke yako kabla ya kumpakia mtu yeyote. Wamiliki wengi hunung'unika hapo. Huona wanabanwa na karani ambaye hajawahi kushika usukani, tena wao walioipigilia ndege ribiti baada ya ribiti kwa miaka.

Manung'uniko hayo hayana mashiko. Mwaka 2012 NTSB ilitoa utafiti wake juu ya ndege za kujiundia. Zilikuwa karibu asilimia 10 ya ndege ndogo za kiraia za Marekani, lakini mwaka 2011 zilihusika katika takriban asilimia 15 ya ajali zote za kundi hilo na asilimia 21 ya ajali zilizoua. Sababu zilizotangulia zilikuwa rubani kushindwa kuidhibiti ndege angani, na injini kukosa nguvu. Ajali nyingi zilitokea mapema katika maisha ya ndege. Na jambo ambalo wengi hawakulitarajia: zaidi ya nusu ya ndege zilizopata ajali mwaka huo zilikuwa zimenunuliwa mkononi.

Mnunuzi wa pili ndiye anayestahili kunasihiwa kwa sauti kubwa zaidi. Aliyeiunda anajua kila waya unapita wapi, na anaweza kupewa cheti cha kuifanyia ndege yake ukaguzi wa kila mwaka. Mnunuzi hapati cheti hicho cha muundaji, na mara nyingi humlipa fundi mwenye leseni. Yaliyobadilishwa kinyume cha michoro atayajua akiambiwa, au akiyagundua kwa bahati mbaya. Ndege mbili za jina moja zinaweza kutofautiana kama ndugu wa tumbo moja.

Wako watakaosema ajali haina kinga, kwa nini basi kumlipa mwenye bima? Serikali kuu ya Marekani haimlazimishi mwenye ndege binafsi kukata bima, na wapo wanaoruka bila hata senti ya kinga. Ulaya imeona tofauti: kanuni ya mwaka 2004 inataka hata mwenye ndege ndogo awe na bima ya madhara kwa watu wengine. Ulaya iko upande wa haki, kwa sababu mwenye nyumba iliyo chini ya njia ya ndege hakuombwa ridhaa jirani yake alipokuwa akigundisha mabawa gerejini.

Hata hivyo, bima isigeuzwe hirizi. Kampuni huhesabu saa, haipimi ustadi. Rubani anaweza kumaliza saa zote alizopangiwa kwa kutua na kupaa kwenye uwanja uleule, asijifunze kitu. Saa hizo zitumike kuruka polepole mpaka ajue dalili za bawa linalokaribia kushindwa kubeba, kujizoeza la kufanya injini ikizimika akiwa angani, na kuujua mfumo wa mafuta akiwa amefumba macho. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilitoa mwongozo juu ya kuhamia ndege usiyoizoea mwaka 2011, na mwaka 2014 ikaruhusu rubani wa pili mwenye sifa aingie katika saa za majaribio. Visingizio vimepungua. Mwenye ndege ya kiti kimoja, asiyeweza kukaa na mwalimu, na atafute ndege ya viti viwili yenye tabia zinazokaribiana na yake.

Kuna mitego pia ndani ya mkataba. Ili kupunguza malipo, mtu huandika ndege ya dola 100,000 kuwa ni ya 60,000. Ikiharibika kwa matengenezo ya dola 50,000, kampuni inaweza kuona ni nafuu kumlipa zile 60,000, ichukue mabaki na kuyauza, naye abaki bila ndege. Mwingine humwazima rafiki bila kusoma kifungu cha marubani wanaoruhusiwa. Mwingine huruka na cheti cha afya kisicho halali. John Denver naye hakuwa na cheti halali siku ile, na karatasi kama hiyo yaweza kumpa mwenye bima sababu ya kukataa madai.

Basi anayekusudia kununua ampigie wakala wa bima kabla hajalipa arubuni, aulize masharti ya rubani wa kiwango chake. Atafute mwalimu wa aina ileile hata kama yuko mbali, na gharama yake aihesabu ndani ya bei ya ndege. Akiona hana fedha za mwalimu, ajue kwamba hana fedha za ndege hiyo, amwachie mwingine.