Nani atatubeba kesho? Jeshi letu na ndege za usafiri



Kila mara Leta inanunua kitu cha kupiga vita angani, picha zinajaa katika telefone zetu. Sukhoi ikipita, watu wanapiga makofi. Drone ikifika, watu wanaandika kwamba sasa adui ataona. Lakini ndege inayobeba mchele wa askari, dawa, majeruhi na miili ya waliokufa, hakuna mtu anaiuliza. Hatusikii watu wakibishana tuko nazo ngapi, ngapi zinaruka, ngapi zimelala chini ya nyasi. Leo sisi tunauliza.

Tuseme mara moja kile tunachofikiri. Congo haina lazima ya kuota ndege kubwa za kujaza mafuta angani kama za mataifa tajiri. Iko na lazima ya ndege za usafiri za kawaida, zenye mafundi, mafuta na viwanja, na zenye hesabu ambayo raia anaweza kuisoma. Bila ile, anayetubeba ndiye ataamua tutafika wapi, na tutafika lini.

Nchi kubwa, barabara hakuna

Munajua ramani yetu. Kilometa za mraba 2,345,000. Toka Kinshasa mpaka Goma ni zaidi ya kilometa 1,500 kwa mstari wa ndege, na hakuna barabara moja ya lami inayounganisha miji hiyo miwili. Askari aliye Kinshasa hawezi kupanda lori leo na kufika Kivu kesho kutwa. Lazima ndege. Akijeruhiwa, lazima ndege. Jamaa yake ikitaka kumzika nyumbani, lazima ndege.

Kwa nchi ya namna hii, ndege ya usafiri si kitu cha heshima. Ni barabara ya jeshi. Anayekosa barabara yake anaomba njia kwa jirani.

Zamani tulikuwa nazo

Wazee wetu wanakumbuka. Katika miaka ya 1970 jeshi la Zaire lilikuwa na ndege za C-130 zilizotoka Marekani. C-130 moja inabeba karibu tani 20 ao askari 90 hivi, na inaweza kutua kwenye kiwanja cha udongo. Tarehe 19 Mei 1978, askari wa Ufaransa waliporuka na parashuti juu ya Kolwezi, wengi wao walitoka ndani ya C-130 za Zaire yenyewe. Siku ile Wafaransa walikuja na askari, sisi tulikuwa na mabawa.

Mabawa yale yalikwenda wapi? Hayakupigwa na adui. Yalikufa kidogo kidogo: vipuri havikununuliwa, marubani na mafundi hawakulipwa vizuri, ndege moja ikatolewa vyuma kusudi nyingine iruke. Jambo hili tulikumbuke kila mara mkubwa anapotuahidi ndege mpya. Kununua ni siku moja, kutunza ni miaka thelathini.

Nyuma ya pale tukaanza kukodi. Tarehe 8 Mei 2003, Ilyushin-76 ya kukodi ilitoka Kinshasa kwenda Lubumbashi, imejaa askari wetu pamoja na bibi na watoto wao. Ikiwa juu, mlango mkubwa wa nyuma ukafunguka. Watu wakavutwa nje, katika giza. Ndege ilirudi Kinshasa, lakini hesabu ya waliopotea haikupata kujulikana kamili, juu ya orodha ya abiria haikuwa ya kuaminika. Fikirini hilo: Leta inapakia familia za askari wake katika ndege ya mizigo, na haijui imepakia wangapi.

Na ndege zetu wenyewe? Tarehe 10 Oktoba 2019, Antonov-72 ya jeshi ilitoka Goma kwenda Kinshasa na watu nane. Ilianguka kule Sankuru. Ilikuwa na watu wa usafiri wa Rais. Kama kazi ya Rais mwenyewe inabebwa namna hiyo, askari wa kawaida wa Walikale atabebwa namna gani?

Hata kura zetu zinabebwa na wengine

Wengine watasema: hayo ni mambo ya jeshi, raia anaingia wapi? Raia anaingia kila mahali. Siku chache mbele ya uchaguzi wa 20 Desemba 2023, vifaa vya kura vilikuwa bado havijafika sehemu mingi. Misri ikatuazima ndege mbili za C-130. Serikali ikaomba pia msaada wa MONUSCO, wakati ule ule ilikuwa inaiambia MONUSCO iondoke. Sisi tulidai MONUSCO ijibu maswali ya raia, na hatujuti. Lakini lazima tuseme ukweli: miaka mingi ndege na elikopta za Umoja wa Mataifa zilikuwa zinafanya kazi ambayo ndege zetu zilipaswa kufanya. MONUSCO ilipomaliza kazi yake Kivu ya Kusini mwezi wa Juni 2024, iliondoka pia na mabawa yake. Nani alijaza nafasi ile? Hatukuona mpango wowote mbele ya raia.

Kiwanja kinaweza kubeba vita ao amani

Tarehe 4 Agosti 1998, ndege za kiraia zilikamatwa hapa Goma, zikapakia askari, zikavuka nchi mzima mpaka Kitona, karibu na bahari. Aliyeongoza ile kazi ni James Kabarebe. Vita iliruka juu ya vichwa vyetu na kufika upande mwingine wa Congo katika masaa machache, na ndege zenyewe zilikuwa za abiria. Toka siku ile kila mkubwa wa nchi alipaswa kujua kwamba kiwanja cha Goma si mahali pa kupokea wageni tu.

Kiwanja kile kimeteseka. Mwaka wa 2002 lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya njia ya kurukia, na ilichukua miaka kuirudisha. Mwisho wa Januari 2025 mji ulianguka mikononi mwa M23 na kiwanja kikafungwa. Februari ikafuata Kavumu, kiwanja cha Bukavu. Katika wiki tatu hivi, miji miwili mikubwa ya Kivu ilipoteza milango yake ya juu.

Tuangalie kilichowapata wageni waliokuja kutusaidia. Askari wa SADC walikuwa Sake na Goma. Afrika ya Kusini ilipoteza askari 14 mwezi ule wa Januari. Majeruhi wao hawakuweza kupanda ndege Goma. Ilibidi wapite Rwanda mwezi wa Februari. Na SADC ilipoamua kuwarudisha wengine, kuanzia mwisho wa Aprili walipanda malori, wakavuka Rwanda, wakafika Chato kule Tanzania, ndiyo wakapata ndege ya kurudi kwao. Jeshi lililokuja kupambana na waasi liliondoka kwa kupitia ardhi ya nchi ambayo Umoja wa Mataifa unasema inawasaidia waasi wale wale. Hatusemi hivyo kwa kuwacheka. Askari wale walikufa kwetu. Tunasema hivyo kwa sababu ndivyo inavyokuwa mtu akienda mbali bila kujua atarudi na nini.

Afrika ya Kusini yenyewe iko na historia inayofanana na yetu, ijapokuwa ni tajiri kutupita. Mwaka wa 2005 iliagiza ndege nane za Airbus A400M, ambazo moja inabeba mpaka tani 37. Mwaka wa 2009 ikavunja mkataba juu ya bei. Boeing 707 zake zilizokuwa zinajaza mafuta angani zilistaafu mwaka wa 2007, hazikupata warithi. Ikabaki na C-130 ambazo ilianza kuzipokea mwaka wa 1963. Makuta yaliyookolewa mwaka wa 2009 yalilipwa mwaka wa 2025, na waliolipa si waliotia sahihi.

Mafuta ya angani, mafuta ya chini

Kuna vijana wenzetu wanaouliza: juu ya nini sisi hatununui ndege ya kujaza mafuta angani? Tueleze kidogo. Ndege ile ni tangi linaloruka. Inashusha mpira mrefu ao bomba gumu, ndege nyingine inasogea nyuma yake, inajiunga, inakunywa mafuta na kuendelea na safari bila kutua. Airbus A330 MRTT inaruka na tani 111 za mafuta. Ni kifaa cha nchi zinazopigana mbali na kwao. Mwaka wa 1964, ndege za Marekani zilizoleta askari wa Ubelgiji Stanleyville, leo Kisangani, zilisimama katika kisiwa cha Ascension, kisha Kamina. Mwaka wa 2013, Ufaransa ilipoingia Mali, ndege zake zilinyweshwa angani, na Wamarekani waliwasaidia.

Sisi hatuendi kupigana bara lingine. Adui yuko ndani ya nyumba. Sukhoi-25 zetu hazina hata mdomo wa kupokelea mafuta angani, sasa tangi la kuruka litamnywesha nani? Shida yetu ya mafuta iko chini. Mafuta mengi ya huku mashariki yanashuka Mombasa ao Dar es Salaam, yanapanda kwa malori, yanavuka mipaka ya watu. Siku jirani anafunga mpaka, ndege zetu zinabaki kuwa mapambo. Matangi yenye ulinzi Kisangani, Kindu, Kalemie na Bunia yatasaidia zaidi kuliko tangi moja linaloruka.

Na hata wale wakubwa, hakuna anayejibeba peke yake. Toka mwaka wa 2010 kuna ofisi moja kule Eindhoven, Uholanzi, inayoongoza pamoja ndege za usafiri na za mafuta za nchi saba za Ulaya. Luxembourg, nchi ndogo kuliko mingi ya teritware zetu, iko na A400M moja tu, na inaitunza pamoja na Ubelgiji. Hawakuona haya kugawana. Sisi tuko ndani ya SADC na ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, tunachangia mikutano, lakini ndege ya pamoja ya kubeba majeruhi hatuna.

Tunajua mutasema nini

Mutasema: vijana wa amani wanaomba ndege za vita. Hapana. Ndege tunayoisema haina bomu. Inabeba mgonjwa, chanjo, chakula, kura, na familia zinazokimbia volkano. Ndiyo ile ile inayomfanya askari asile mazao ya raia juu ya njaa. Nani kati yetu huku hajaona mama akipokonywa mihogo na askari ambaye chakula chake hakikufika?

Mutasema tena: ndege zikija, wakubwa watazitumia kubeba biashara yao. Hiyo hofu ni ya kweli, na sisi tuko nayo. Dawa yake si kubaki bila ndege. Dawa yake ni orodha ya kila safari, na mtu wa kuikagua.

Tunadai

1. Kamati ya ulinzi ya Bunge iambie taifa jeshi liko na ndege ngapi za usafiri, na ngapi zinaruka kweli. Adui anazijua tayari. Anayefichwa ni raia. Mwaka wa 2022 nchi ilipata sheria ya programu ya jeshi mpaka 2025. Tupewe hesabu yake: kiasi gani kilikwenda kwa usafiri?

2. Hakuna ndege kununuliwa bila mkataba wa matengenezo, vipuri na mafunzo ndani yake. Ndege chache za aina moja zinafaa kuliko nyingi ambazo kila moja inaomba fundi wa nchi yake.

3. Jeshi lifungulie vijana masomo ya ufundi wa ndege, kwa mtihani wa wazi. Kati yetu kuna waliomaliza mekanike, elektroniki na lojistike. Leo wanauza unite za telefone ao wanaendesha pikipiki. Makampuni yote ya ndege ya Congo yamefungiwa anga ya Ulaya toka miaka mingi juu ya usalama. Nchi inakosa mafundi, na mafundi wanakosa kazi. Ni shida moja, iko na majina mawili.

4. Safari za majeruhi zipite mbele ya safari za wakubwa, na hilo liandikwe katika amri.

5. Katika kila mazungumzo juu ya Goma na Kavumu, kufunguliwa kwa viwanja kwa ajili ya wagonjwa na misaada kusiwe zawadi ya mtu. Ni haki ya raia.

Wabunge wetu, kikao cha bajeti kinafunguliwa tarehe 15 Septemba. Mutasoma kurasa nyingi za silaha. Mutafute mstari wa usafiri wa jeshi, mutuambie kumeandikwa nini. Kama mstari huo haupo, mutuambie pia. Sisi tutauliza tena, mbele ya milango yenu, bila jiwe wala fimbo.